Kompyuta Isiyowaka Haijafa

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi pana kompyuta, ama ile ya mezani ama ile ya kukunjwa kama kitabu, na ndani yake zimewekwa khabari za nyumba ambazo zamani zilikuwa zikitiwa sandukuni: picha za arusi, vyeti vya watoto, hesabu za duka, barua, na sauti za wazee. Sanduku la mbao lilipokataa kufunguka aliitwa seremala, akaling'oa kufuli, na vilivyomo vikatoka salama. Kompyuta ikikataa kuwaka, wengi wetu hufanya kinyume cha hayo: twakubali vilivyomo viteketezwe ili sanduku lipone. Mimi nalikuwa mmoja wa hao, na hiyo ndiyo sababu ya kuyaandika haya.

Ilikuwa mwaka 2016. Umeme ulikatika usiku, ukarudi, ukakatika tena, na kulipokucha kompyuta yetu ya mezani ikawa yaonyesha jina la watengenezaji wake, kisha maandishi machache meupe, kisha yajizima na kuanza tena, na hivyo hivyo mpaka adhuhuri. Nikaipakia juu ya baiskeli nikaipeleka kwa fundi, kijana mwenye adabu na mikono myepesi. "Maalim," akanambia, "usiwe na wasiwasi, kesho utaichukua nzima." Na kweli, kesho yake naliikuta yawaka upesi kuliko siku tuliyoinunua. Nikamlipa, nikamwombea dua, nikarudi nyumbani na furaha yangu.

Siku ya tatu mke wangu akataka kuisikiliza sauti ya marehemu baba yangu. Mzee huyo, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake 2014, alikaa barazani akatutajia nasaba yetu, mtu na baba yake na mji aliotoka, kwa muda wa dakika arubaini na zaidi, nasi tukamrekodi kwa simu, kisha tukaihamishia sauti ile katika kompyuta. Tukaitafuta asubuhi, tukaitafuta jioni. Haikuwamo, wala picha hazikuwamo, wala chochote. Nikarudi kwa fundi. Akashika kichwa. "Maalim, naliifuta diski nikaweka Windows upya. Hukunambia kuwa mna vitu vya kutunzwa." Hakusema uwongo. Sikumwambia, kwa kuwa sikujua kwamba ni jambo la kuambiwa. Nalidhani kuitengeneza kompyuta ni kama kutengeneza saa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kukaa na mafundi, kuuliza na kutazama mikono yao. Si fundi mimi, na elimu yangu ya shule ni ya msingi tu. Walakin nimejifunza jambo moja ambalo laiti ningelilijua siku ile. Neno "haiwaki" ni neno moja lenye maradhi mengi yasiyofanana, na mengi katika hayo hayamo kabisa katika diski ambayo ndimo yalimo mambo yetu.

Ili lifahamike hilo, yapasa kwanza kujua kompyuta huamkaje. Mtu akibonyeza kitufe, umeme hutoka ukutani ukaingia katika kisanduku cha chuma kilichomo ndani, ambacho mafundi hukiita pawa saplai, na hicho huupunguza na kuugawa. Umeme ukishafika katika ubao mkubwa, yaani mazabodi, huamka programu ndogo iliyoandikwa katika ubao wenyewe, nayo hufanya ukaguzi: kichwa kipo? Kumbukumbu ipo? Kioo kipo? Desturi hii ya kujikagua ni ya tangu kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ambayo ikijiona salama ilikuwa ikilia mlio mmoja mfupi. Ukaguzi ukiisha, ile programu ndogo huitafuta diski, na ikiipata huikabidhi kazi Windows, au mfumo mwingine wowote uliowekwa. Basi kila hatua yaweza kukwama mahali pake, na aliye makini huweza kujua imekwama wapi kwa macho na masikio tu, kabla ya kushika bisibisi.

Nitaeleza kwa kisa cha pili, maana hicho kilikuwa na mwisho mwema. Mwaka 2022, katika masika, hapa kwetu Tanga, binti yangu aliyekuwa akisomea ualimu alikuwa ameandika ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha, na siku ya kuipeleka ilikuwa ya pili yake. Alikuwa hajaitoa nakala. Baada ya isha nikamsikia aita kwa sauti ya kilio. "Baba, kompyuta imekufa."

"Haijafa," nikamwambia. "Lete karatasi na kalamu. Nini kinachowaka, na nini kisichowaka?"

Karatasi ile si mchezo. Mtu akiwa na hofu hugusa mambo matano kwa mara moja, na kompyuta ikiwaka hajui lililoiponya, na isipowaka hajui alichokiharibu. Tulikubaliana kugeuza jambo moja tu, kujaribu, na kuandika.

Tukaanzia ukutani. Hapa wengi huona haya, kwa kudhani ni kudharauliwa kuulizwa kama plagi imechomekwa. Lakini mafundi wote niliokaa nao wamenihadithia kompyuta walizoletewa kutoka mbali ambazo hazikuwa na kasoro ila ekstensheni iliyoungua au waya uliolegea nyuma. Chomeka taa ya mezani au chaja ya simu katika soketi ile ile uone kama umeme upo. Katika plagi zetu za miguu mitatu mna fyuzi. Ikikatika, waya mzima haufai kitu mpaka fyuzi ibadilishwe kwa nyingine ya nguvu ile ile, wala isiwekwe karatasi ya sigara kama wafanyavyo wengine. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani pana kitufe chenye alama ya mstari na ya duara: mstari ni kuwaka, duara ni kuzima, na mtoto anayefagia chini ya meza aweza kukigeuza kwa ufagio. Katika zile za zamani pana na kitufe chekundu cha kuchagua volti 115 au 230. Hicho kisiguswe kamwe. Umeme wetu ni wa volti 230, na aliyekiweka penye 115 akawasha, atasikia mshindo na kunusa harufu ya kuungua.

Kama ukutani ni salama na bado hapana taa wala feni, basi yamkini pawa saplai imekufa, nayo ni kitu cha kununua na kubadilisha, na diski haina khabari. Lakini kisanduku hicho kisifunguliwe nyumbani, hata kikiwa kimechomolewa, kwani ndani yake mna viungo vinavyoshika umeme baada ya waya kutolewa, na umeme huo waweza kumdhuru mtu. Mjusi akiingia humo akafa, mwachieni fundi amtoe.

Ama kompyuta ya kukunjwa ina dawa yake nyepesi: ichomolewe chaja, na ikiwa betri yake ni ya kutoka itolewe, kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa sekunde 30, halafu irudishwe chaja peke yake na kuwashwa. Umeme mdogo uliokuwa umenasa ndani hutoka, na nyingi huamka. Nimeiona hiyo zaidi ya mara moja.

Yetu usiku ule haikuwa na maradhi hayo. Taa iliwaka, feni ikazunguka, ila kioo kilikuwa cheusi. Binti akaandika. Basi tukakitazama kioo. Kioo cha kompyuta ya mezani kina umeme wake mbali na taa yake mbali. Kikiandika kuwa hakipokei kitu, kioo chenyewe ni kizima na lililopungua ni la kompyuta au la waya ulio kati yao. Tukaukaza waya ule. Katika baadhi ya kompyuta pana matundu mawili ya kuchomeka kioo, moja la mazabodi na moja la kadi ya picha, na aliyechomeka katika tundu lisilofanya kazi atakaa gizani hali kompyuta yaenda. (Katika ile ya kukunjwa, mulika kioo kwa tochi kwa ubavu, ukiona maandishi kwa mbali kama yaliyozama majini, ni taa ya kioo iliyokufa tu, na ukiiunga na televisheni utaona kila kitu.)

Kioo kikabaki cheusi. Lakini binti, ambaye masikio yake ni makali kuliko yangu, akasema, "Baba, yalia." Tukazima feni ya dari tukasikiliza. Mlio mrefu, kimya, mlio mrefu, kimya. Milio hiyo ni lugha. Kila mtengenezaji ana yake, na aliyetunza kijitabu kilichokuja na kompyuta ataikuta imefasiriwa humo. Lakini mlio unaojirudia namna ile, kioo kikiwa cheusi, mara nyingi ni malalamiko ya kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita ramu. Hiyo si mahali mnapotunzwa mambo yetu. Diski ni kabati, na ramu ni meza ya kazi: kompyuta ikizimwa meza hubaki tupu. Kompyuta isiyoiona meza yake haiwezi kuanza kazi, ijapokuwa kabati limejaa na ni salama.

Basi tukachomoa waya wa umeme ukutani, tukabonyeza kitufe mara moja kumaliza umeme uliobaki, tukafungua ubavu wa kompyuta. Kabla ya kugusa kitu nikashika chuma cha kasha lenyewe, maana mwili wa mtu, khasa akiwa juu ya zulia, hubeba umeme mdogo asiouhisi, nao hutosha kuua vijibao hivi. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka, na mende wawili waliokauka. Vijibao vya ramu vilikuwa viwili, vimesimama katika mifereji yao, na kila mfereji una kibano kila ncha, au ncha moja tu katika mazabodi nyingine. Ukivibonyeza nje vibano, kijibao chajiinua chenyewe. Chini yake pana meno ya rangi ya dhahabu, na juu ya meno ya kwetu palikuwa na utando. Sisi watu wa pwani twajua hewa ya bahari ifanyavyo misumari na mabati. Basi haisamehe na meno haya.

Binti akaleta ufutio wake wa penseli, ule mweupe laini. Nikayasugua meno taratibu mpaka yakang'aa, nikayapuliza kwa kile kipira cha kupulizia vumbi, si kwa mdomo, kwa sababu ya mate. Tukarudisha kijibao kimoja tu, tukakikandamiza mpaka vibano vikajifunga vyenyewe kwa kishindo kidogo, tukawasha. Mlio mmoja mfupi, kisha jina la watengenezaji likatokea, na Windows ikaja nyuma yake. Nilipomtazama binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Ripoti ilikuwa mahali pake, neno kwa neno. Kwanza akaitoa nakala katika flashi, ndipo tukazima tukarudisha na kijibao cha pili.

Nataka kila mzazi atafakari: fundi mwenye haraka angaliweza kutwambia usiku ule kwamba yapasa kuwekwa Windows upya, nasi tungalikubali, na ripoti ingalipotea kwa ajili ya utando wa kutu.

Sasa pana zile zinazovuka ukaguzi, kisha zikaandika kwamba hazikuona diski ya kuanzia. Hapo hofu huwa kubwa, na sababu mara nyingine ni ndogo hata kuchekesha. Shemeji yangu alikesha akihuzunika juu ya kompyuta yake, na asubuhi mwanawe wa miaka tisa akachomoa flashi ya kasida iliyokuwa imesahauliwa ubavuni, ikawaka; ilikuwa ikitaka kuanzia katika flashi. Sababu nyingine ni kibetri kidogo cha duara kama sarafu, chenye volti 3, kiandikwacho CR2032, kilichomo katika mazabodi nyingi. Hicho huilinda saa na maagizo ya ile programu ndogo wakati kompyuta imezimwa. Baada ya miaka kadhaa huisha, na kompyuta huamka ikidhani ni mwaka wa kuundwa kwake, na huweza kusahau diski ianzie ipi. Ukiona tarehe yake imerudi nyuma kila uiwashapo, kibadilishe kibetri kwanza. Ni kitu cha bei ndogo, na huuzwa hata penye maduka ya saa.

Lakini ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, kama saa mbovu, zima papo hapo. Usiiwashe tena kwa kujaribu. Hiyo ni diski yenye maradhi ya mwili, na kila dakika ya kuzunguka yaweza kukwaruza ulichokitafuta. Hiyo ndiyo hali ambayo kwa kweli yahitaji mtu mwenye vyombo vya kutoa vilivyomo.

Mwisho ni zile ambazo Windows yaanza kisha huanguka, kwa kioo cha buluu au kwa kuzunguka bila kufika, kama ile yetu ya 2016. Hapa mwili ni mzima aghalabu, na kosa limo katika maandishi. Dunia nzima iliona mfano wake tarehe 19 Julai 2024, ambapo kampuni moja ya Marekani ya ulinzi wa kompyuta, CrowdStrike, ilituma masahihisho yenye kosa, na kompyuta zilizoyapokea zikaanguka kioo cha buluu na kukataa kuanza. Microsoft ilikadiria kuwa zilikuwa kama milioni 8 na nusu. Ndege zilibaki viwanjani, na mahospitali na mabenki yakataabika. Na dawa ilikuwa nini? Ilikuwa kuianzisha kompyuta kwa ile njia ya usalama, ambayo hupakia mambo ya lazima tu, na kuliondoa faili moja lililokosewa. Diski hazikuhitaji kufutwa ili kuondoa kosa lile.

Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara mbili tatu mfululizo, aghalabu hufungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo mna njia ya kutengeneza mwanzo, mna njia ya kuondoa masahihisho ya mwisho, na mna hiyo njia ya usalama. Mna vile vile njia ya kurudisha Windows upya, nayo huuliza: yabaki mafaili yako, au yaondolewe yote? Someni vizuri kabla ya kubonyeza, na asiyefahamu Kiingereza cha hapo amwite anayekifahamu. Kompyuta nyingine huko huomba ufunguo wa tarakimu 48, kwa kuwa diski yake imefungwa kwa fumbo. Ufunguo huo mara nyingi umewekwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, na afadhali uandikwe katika daftari la nyumba leo, ingali yawaka.

Na ikiwa yote yameshindikana, vilivyomo bado huweza kutolewa. Diski ya kompyuta ya mezani hushikwa aghalabu kwa skrubu nne na nyaya mbili. Yaweza kutolewa, ikaungwa katika kompyuta ya jirani kwa waya wa USB, na mambo yako ukayanakili. Au kijana ajuaye huja na flashi yenye Linux, kompyuta ikaanzia humo bila kuandika neno katika diski, akakutolea picha na barua zako zote. Ndipo ifutwe diski, ikiwa lazima.

Nami sasa nikipeleka kompyuta kwa fundi, naiacha diski nyumbani. Zimo humo picha za wake zetu na binti zetu katika mavazi ya nyumbani, na sioni sababu ya kumtwika kijana wa watu amana asiyoiomba. Kompyuta nyingine mpya diski yake imeunganishwa na mazabodi haitoki. Hiyo naibandika karatasi juu yake, kwa herufi kubwa: DISKI ISIFUTWE BILA IDHINI YANGU, na namwambia fundi kwa mdomo pia, mbele ya mtu mwingine.

Diski ya 2016 ningali nayo. Miaka mingi baadaye fundi mmoja mzee alinieleza kwamba katika diski za namna ile, kufuta kwa haraka huondoa fihrisi tu, na maandishi yenyewe hubaki mpaka yaandikwe mengine juu yake. Tungaliizima siku ile ile, yamkini sauti ya baba ingalipatikana. Lakini tuliitumia kwa mwaka mzima, watoto wakaijaza michezo na mihadhara. Alijaribu kwa siku mbili kwa programu yake ya kutafutia. Alipata vipande vya picha, nusu ya uso wa mtu, mguu wa kiti cha barazani. Sauti hakuipata.

Binti yangu sasa anafundisha shule. Kila mwisho wa mwezi anakili mambo ya nyumba katika diski mbili za nje: moja imo kabatini mwetu, na ya pili ipo Pangani kwa dada yangu. Na mwaka jana tulimkalisha ami yangu barazani, ambaye ndiye aliyebaki katika ndugu za baba, atutajie nasaba kwa kadiri aikumbukayo. Majina matatu hakuyakumbuka.